Ukoka wa mjini Mbeya na Iringa: mboji, CAN au DAP, na kanuni ipi ya kufuata

Mvua za kwanza zikishuka Novemba, maduka ya pembejeo ya Mwanjelwa jijini Mbeya na ya Iringa mjini hujaa watu wa mahindi na viazi. Siku hizi katikati yao utamkuta pia mtu asiye na shamba: mwenye nyumba ya Forest (Mbeya) au Gangilonga (Iringa), msimamizi wa nyumba ya wageni, mtunza bustani wa shule aliyetumwa na mwalimu mkuu. Anataka mbolea ya kukoleza majani. Muuzaji humpa kile anachompa mkulima wa mahindi, mara nyingi DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi) au Urea (mbolea ya naitrojeni), kwa kuwa ndicho kilichopo. Lakini ukoka si mahindi, na uani si shambani. Shambani maji ya mvua hupita kwenye matuta na magugu kabla ya kufika bondeni. Uani yanaangukia kwenye mtaro wa saruji na muda mfupi baadaye yako mtoni.

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Msimamo wangu nauweka mapema: kwa nyua nyingi za nyanda za juu kusini, chaguo la kwanza ni mboji iliyoiva, nyongeza ni CAN (mbolea ya naitrojeni yenye chokaa) kidogo, na DAP haina kazi kwenye ukoka uliokwisha kushika. Hata hivyo aina ya mbolea ni nusu tu ya uamuzi. Nusu ya pili ni siku unayoitia na umbali wake kutoka kwenye maji, na huko ndiko sheria za nchi mbalimbali zinakotofautiana sana.

Kanuni za Florida, za Minnesota na zetu

Marekani wamefika mahali pa kutunga sheria ndogo za mbolea ya nyasi za mjini. Florida ndiyo inayotufaa zaidi kujilinganisha nayo, kwa sababu nako mvua kubwa zina majira yake. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyoweka kielelezo cha sheria ndogo ambacho kaunti na miji inaweza kukichukua. Kielelezo kinakataza kutia mbolea pale mvua kubwa inapotarajiwa. Kinataka futi 10, yaani mita 3 hivi, zibaki wazi kati ya mbolea na maji. Punje zilizoangukia barabarani au kwenye saruji zifagiliwe zirudi kwenye nyasi au kwenye mfuko. Kaunti ya Pinellas, kando ya ghuba ya Tampa, ikakaza zaidi: kuanzia Juni 1 hadi Septemba 30 kila mwaka, yaani kipindi chote cha mvua, naitrojeni na fosforasi haziruhusiwi kwenye nyasi.

Minnesota walishika kona nyingine. Hawakuhangaika sana na kalenda, waliibana fosforasi yenyewe. Tangu 2005, katika jimbo zima, mwenye nyumba haruhusiwi kutia mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi zake isipokuwa anapanda nyasi mpya au vipimo vya udongo vimeonyesha upungufu. Jimbo lile lina maziwa mengi, na fosforasi ndiyo inayolisha ule utandu wa kijani unaotanda juu ya maji matamu na kuyafanya yanuke.

Kwetu sheria inabana zaidi mahali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, kinazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Linganisha mita 60 na zile 3 za Florida. Sheria ya Mbolea, Na. 9 ya 2009, inabana bidhaa: mbolea iwe imesajiliwa, muuzaji awe na leseni, na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, isimamie. Kilichokosekana katika sheria hizi mbili ni kalenda. Hakuna mwezi ambao mtu wa mtaa wa Block T, Mbeya, anazuiwa kumwaga Urea uani kwake. Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo zao chini ya sheria ya mamlaka za miji ya 1982, na kila moja ina za kwake kuhusu usafi, mifugo na mitaro, kwa hiyo kabla ya kurundika samadi mbele ya nyumba muulize mtendaji wa mtaa au afisa mazingira wa halmashauri yako.

Je, tungeiga kalenda ya Pinellas? Nimelitafakari sana hili na jibu langu ni hapana, si kwa namna ilivyo. Huko kwao nyasi zina unyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo aliyezuiwa Juni hadi Septemba anaweza kutia mbolea majira mengine na nyasi zikaila. Hata huko kwenyewe wapo wataalamu wa nyasi wanaopinga marufuku hiyo, wakisema nyasi hufyonza mbolea vizuri zaidi wakati zinakua kwa kasi. Mbeya ukoka hukua Desemba hadi Aprili. Juni hadi Agosti ni baridi na ukavu, na ukoka usiomwagiliwa hulala. Ukipiga marufuku mbolea wakati wa masika, watu wataimwaga Julai kwenye udongo uliolala, itakaa pale pale, na mvua ya kwanza ya Novemba itaikusanya yote kwa mkupuo. Tutakuwa tumeilinda mito kwa miezi mitano na kuilipua kwa wiki moja. Cha kuchukua Florida ni kile kifungu kidogo cha kutotia mbolea mvua kubwa inapokuja, pamoja na ufagio. Kutoka Minnesota tuchukue fosforasi. Mita 60 tunazo tayari, na ni nzuri kuliko zao, zikifuatwa.

Kwa nini uani kwako kuna uzito

Mtu anaweza kusema mashamba ya viazi na mahindi yanatumia mbolea nyingi zaidi kuliko nyua zote za mji zikijumlishwa. Ni kweli. Tofauti ni kwamba mbolea ya shambani inalisha watu. Ya ukoka inapendezesha macho, na ukiipunguza kwa nusu hakuna mtoto atakayelala njaa. Ndiyo maana naanza nayo.

Na mito yetu haibebi uchafu ikaupeleka mbali na watu. Vijito vya Mbeya mjini, Nzovwe ukiwa mmojawapo, huingia Mto Songwe, na Songwe huishia Ziwa Rukwa. Rukwa ni ziwa la kina kifupi na halina mto unaotoka. Fosforasi iliyofika humo haina njia ya kutokea. Iringa hali ni nyingine lakini si nyepesi: Ruaha Mdogo ndio unaowanywesha watu wa mjini, kisha unaingia Ruaha Mkuu na kufika bwawa la Mtera, ambako watu wanavua na umeme unazalishwa. Maji ya Tukuyu yanashuka Kiwira hadi Ziwa Nyasa.

Mifuko ya dukani kwa kipimo kimoja

Kipimo cha kawaida cha ukoka ni gramu 5 za naitrojeni kwa mita moja ya mraba kwa mara moja. Uwanja wa mita 10 kwa 10 basi unahitaji nusu kilo ya naitrojeni. Jedwali hili linaonyesha unahitaji kiasi gani cha kila mbolea kupata hiyo nusu kilo, na fosfati (yaani fosforasi jinsi inavyoandikwa kwenye mfuko) kiasi gani inaingia nayo bila wewe kuiomba.

| Mbolea | Naitrojeni | Kwa mita 100 za mraba | Fosfati inayoingia |
|---|---|---|---|
| Urea | 46% | kilo 1.1 | hakuna |
| CAN | 26% hivi | kilo 1.9 | hakuna |
| SA (salfeti ya amonia) | 21% | kilo 2.4 | hakuna |
| NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosfati na potashi) | 17% | kilo 2.9 | nusu kilo |
| DAP | 18% | kilo 2.8 | kilo 1.3 |

Soma mstari wa DAP mara mbili. Ili kupata naitrojeni ile ile, unamwaga fosfati mara mbili na nusu ya naitrojeni yenyewe, kwenye mmea unaokula fosforasi kidogo sana. DAP imetengenezwa kuwa mbolea ya kupandia: inawekwa ndani ya shimo, chini ya mbegu, ifukiwe. Ukiirusha juu ya ukoka wa miaka mitano, fosforasi inashikamana na chembe za udongo za juu kabisa, zile zile zinazobebwa na maji kila mvua inaponyesha. Maana ya DAP kwa ukoka ni moja tu: unapopanda upya na unaweza kuichanganya na udongo kabla ya kubandika vipande vya ukoka. Hata hapo, mkono mmoja mwepesi unatosha.

Angalia pia Urea. Kilo 1.1 kwa mita 100. Mfuko wa kilo 50 ungetosha viwanja vya ukubwa huo zaidi ya 45. Mwenye ua wa kawaida akinunua mfuko mzima atautumia wote, kwa sababu upo, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Nunua mfuko mdogo uliofungwa kiwandani na wenye lebo, au changieni majirani watano. Na tafadhali usitumie mbolea ya ruzuku. Mpango ule uliozinduliwa Mbeya kwenye Nane Nane, Agosti 8, 2022, umewekwa kwa mkulima aliyesajiliwa kwa ajili ya mazao yake. Kila kilo inayoishia kwenye ukoka wa mjini imetoka kwenye shamba la mtu.

Kati ya Urea na CAN, mimi huchagua CAN, na sababu zangu ni tatu. Urea ikibaki juu ya udongo bila maji, sehemu ya naitrojeni yake hugeuka hewa ya amonia na kupotea, kwa hiyo inataka umwagilie siku hiyo hiyo. CAN haina shida hiyo kwa kiwango kikubwa. Pili, Urea ni kali, na mkono ukizidi kidogo unapata madoa ya kahawia, hasa majani yakiwa na umande. Tatu, CAN ina chokaa ndani yake na haiongezi uchachu wa udongo kama zinavyofanya Urea na, zaidi ya zote, SA. Hili la uchachu si dogo kwetu. Njombe, Mufindi na Rungwe ni nchi za chai, na chai hupenda udongo wenye tindikali. Ukoka ukitiwa SA kila mwaka kwenye udongo kama huo unazidi kudhoofika huku mwenyewe akidhani una njaa, anaongeza tena.

CAN nayo ina ubaya wake, na niuseme wazi. Nusu ya naitrojeni yake iko tayari katika hali ya naitreti, ile naitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, na naitreti haishikwi na udongo. Ikikutana na mvua ya nguvu inashuka nayo moja kwa moja. Ndiyo maana CAN haifai kabisa kutiwa mawingu yakiwa yamekaa juu ya mlima Loleza. Pia huvuta unyevu: mfuko uliofunguliwa ukiuacha stoo wakati wa masika utakuta jiwe.

NPK 17-17-17 inakaa katikati, na wauzaji huipenda kwa kuwa inaonekana ina kila kitu. Kwa maua na miche ya matunda sina neno nayo. Kwa ukoka naona ni DAP iliyopunguzwa makali: bado unanunua na kumwaga fosfati usiyoihitaji. Ukiwa na wasiwasi kwamba udongo wako una upungufu, upime. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wako pembeni mwa jiji la Mbeya, na kazi ya kupima udongo wanaifanya. Kipimo kimoja kitakusaidia miaka kadhaa.

Samadi na mboji

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu imani iliyoenea ni kwamba samadi ni ya asili, basi haina madhara, basi imwagwe tu. Si kweli. Mto hauulizi fosforasi imetoka kiwandani au zizini. Rundo la samadi mbichi kando ya mtaro, likinyeshewa usiku mmoja, linaweza kuupelekea mto uchafu mwingi kuliko CAN uliyoipima na kuitia mbali na maji, na juu yake lina vijidudu vya kuharisha ambavyo CAN haina. Kama una kisima kifupi uani, jambo hili linakuhusu zaidi. Naitreti kutoka kwenye samadi huzama hadi kwenye maji ya kisima, haionekani wala hainuki, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita, na anayelengwa kulindwa hasa ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji hayo, kwa kuwa naitreti huzuia damu yake kubeba oksijeni.

Samadi ya ng'ombe inapatikana kwa urahisi, hasa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa pembezoni mwa mji. Ikiwa mbichi inakuja na mbegu za magugu zilizopita tumboni salama, na mwaka mzima unaofuata utakuwa unang'oa. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na ukiingiza mkono katikati ya rundo husikii joto. Hiyo ndiyo ya kutumia, ikiwa imepondwa na kuchekechwa, kwa tabaka jembamba linalopenya kati ya majani badala ya kuyafunika.

Samadi ya kuku wa nyama, ile inayotoka bandani ikiwa na maranda, ni kali kuliko ya ng'ombe kwa naitrojeni na kwa fosforasi. Mbichi inaunguza ukoka waziwazi. Maranda nayo, yakiwa hayajaoza, huunyang'anya udongo naitrojeni wakati yanapooza, ndiyo maana mtu anatia samadi ya kuku na ukoka unageuka njano. Irundike miezi kadhaa ikiwa imefunikwa, uichanganye na majani makavu, ndipo uifikirie. Mkojo wa sungura unaouzwa kwenye chupa umekuwa maarufu. Kwa mchicha na sukuma sawa, kwa ukoka naona ni gharama na harufu bila sababu.

Mboji inaishinda samadi kwa sababu unaijua ilikotoka. Majani ya ukoka wenyewe, maganda ya viazi na ndizi, majani ya parachichi yaliyoanguka, jivu kidogo. Majani ya mikaratusi na sindano za misonobari uyatie kwa uchache, yanachelewa sana kuoza. Kwa baridi ya Mbeya hesabu miezi mitatu hadi minne, Njombe zaidi ya hapo, na rundo likae mahali palipoinuka, lifunikwe na turubai wakati wa mvua. Tabaka la nusu sentimita kwa mita 100 za mraba ni toroli 8 hivi. Virutubisho vyake vinatoka polepole, udongo unapata uwezo wa kushika maji, na hata ukikosea kipimo kidogo hakuna kitakachoungua. Ubaya wake ni kazi na uvumilivu. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kijani kabla ya harusi ya Jumamosi ijayo hatakipata kwenye mboji.

Kuna mbolea nyingine ya bure ambayo karibu kila mtu anaifagia na kuitupa. Ukikata ukoka mara kwa mara, vipande vikiwa vifupi, viache pale pale. Vikioza vinarudisha karibu robo ya naitrojeni ambayo ukoka unaihitaji kwa mwaka. Yale marefu yaliyokatwa kwa fyekeo baada ya mwezi mzima yaondoe, yatafunika, lakini yapeleke kwenye mboji na si kwenye mtaro. Majani yaliyotupwa mtaroni huoza humo na kuachia virutubisho vile vile unavyojitahidi kuvizuia.

Mji wako una udongo gani

Mbeya imekaa juu ya udongo wenye majivu ya volkano. Udongo huu hushika fosforasi kwa nguvu sana, na kwa hiyo hatari ya Mbeya si fosforasi kuzama, ni udongo wenyewe kusombwa. Nyumba za miteremko ya Forest au Isanga zenye vipara katikati ya ukoka zinapoteza mbolea pamoja na udongo kila mvua. Hapo fedha ya mbolea itumike kwanza kununua vipande vya ukoka kuziba vipara. Ukoka ulioshikana ni kichungi, na hakuna mbolea itakayofanya kazi ya kuzuia maji isipokuwa mizizi.

Iringa ni kavu zaidi, na maeneo mengi yana kichanga kilichotokana na yale mawe makubwa ya itale kama Gangilonga lenyewe. Kichanga hakishiki naitreti. Kwa hiyo kile kipimo cha kilo 1.9 za CAN kigawe mara mbili, wiki nne kati yake, na mboji uipe umuhimu mara mbili ya mtu wa Mbeya, kwa sababu Iringa unachokosa zaidi ni maji kuliko mbolea. Tukuyu ni kinyume: mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka kwenye mabonde yenye mwinuko mkali. Huko mimi nisingetia mbolea ya dukani kwenye ukoka hata kidogo. Majani yanaota yenyewe, shida ya mtu wa Tukuyu ni kuyakata. Njombe na Mafinga, kama ukoka unadumaa, shuku uchachu wa udongo kabla ya njaa, na chokaa ya kilimo inaweza kuwa dawa kuliko mfuko wowote wa naitrojeni. Wakati wa kupanda upya kwenye udongo huo, Minjingu, mbolea ya mwamba wa fosfati, inafaa kuliko DAP, kwa kuwa huyeyuka polepole na tindikali ya udongo ndiyo inayoisaidia kuyeyuka.

Viwanja vya mpira ni jambo la pembeni, lakini naulizwa. Ukoka unaokanyagwa kila wiki hujijenga upya muda wote na unahitaji naitrojeni zaidi ya ua wa nyumbani. Kanuni zinabaki zile zile, mara zinaongezeka.

Mwezi gani, siku gani

Kwa Mbeya nina vipindi viwili. Cha kwanza ni Desemba, mvua ikiwa imeshatulia na ukoka umeamka. Si ile wiki ya kwanza ya mvua ambapo udongo ni mgumu na maji yote yanateleza. Cha pili ni mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili, mvua inapolegea lakini joto bado lipo. Hicho cha pili ndicho bora, na kama una fedha ya mara moja tu, itumie hapo: ukoka unaingia kwenye baridi ukiwa na mizizi. Iringa mvua huwahi kukatika, kwa hiyo tia wiki mbili mapema zaidi. Mei hadi Oktoba usitie kitu cha dukani. Mboji waweza kuitandaza Oktoba, kwenye uwanja tambarare ulio mbali na mtaro.

Siku yenyewe ichague kwa kutazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Unatafuta siku ambayo jana yake ilinyesha kidogo, leo ni kavu, na mvua kubwa haijatajwa kwa siku mbili zinazofuata. Tia asubuhi umande ukishakauka, mwagilia kidogo tu ili punje ziyeyuke na kuingia, kisha chukua ufagio upite kwenye njia ya gari, ngazi na ukingo wa mtaro.

Basi uchague nini

Ua wa kawaida tambarare, mbali na mto: mboji mara moja kwa mwaka na vipande vya majani viachwe. Ongeza CAN mwishoni mwa Machi kama rangi imefifia, na kama haikufifia acha. Nyumba ya wageni au ofisi inayohitaji kijani cha kudumu: mboji, na CAN kwa vipindi vyote viwili, kwa kipimo cha jedwali, ikipimwa kwenye mizani ya jikoni na si kwa mkono. Shule yenye uwanja mkubwa na bajeti ndogo: samadi ya ng'ombe iliyoiva na kuchekechwa, kwa kuwa nguvukazi ipo, na rundo lake likae mbali na kisima. Mtu anayepanda ukoka mpya: mboji ya kutosha ichanganywe na udongo, na DAP kidogo au Minjingu ifukiwe, mara hiyo moja.

Anayekaa ndani ya mita 60 za mto au kijito, na watu wa Nzovwe (Mbeya) na Ipogolo (Iringa) wenye hali hiyo ni wengi, asitie mbolea ya dukani wala asirundike samadi. Vipande vya majani vinatosha. Ile kingo ya mwisho inayotazama maji asiifyeke hadi chini: aache majani yafike magotini, apande matete au mabingobingo ya kushika udongo, na sehemu ya kupendeza ya ukoka aiweke mbele ya nyumba, upande wa barabara.